Historia ya mzee mkulima: namna ya kuiandika ikafanana naye

Hudhuria misiba kadhaa ya wazee wa Kichagga mlimani Kilimanjaro, iwe Kibosho, Uru, Marangu au Machame, utasikia historia ileile ikisomwa, majina tu yakibadilika. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akasoma hadi darasa la nne, akaoa, akajaliwa watoto saba, alikuwa mkulima hodari na mcha Mungu, akaugua, akafariki. Miaka sitini ya kazi imebebwa na maneno mawili: mkulima hodari. Aliyekuwa karani hutajiwa kila ofisi aliyopita na kila cheo alichopanda. Mkulima hatajiwi hata mti mmoja alioupanda. Naliona hili kuwa deni kubwa kwa wazee wetu, na chanzo chake si uvivu wa familia. Anayepewa kalamu ni mtoto au mjukuu aliyesoma, mkazi wa Dar es Salaam au Arusha mjini, anayekijua kihamba, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba, cha likizo ya Desemba tu. Kazi ya Machi na ya Agosti haijui, na ana siku tatu au nne tu kabla ya mazishi.

Siku hizo zinatosha, ila lazima ajue pa kuanzia.

Aanze kwa kugawa maswali, maana kila mtu ameshika kipande chake. Mjane anajua fedha ya kahawa ilienda wapi, mwaka gani walikosa na nani walimkopa. Jirani wa mpakani anajua kilichopandwa na kilichong'olewa. Katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa ana daftari la wanachama. Mwenyekiti wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, anajua zamu za maji na nani alikuwa hakosi siku ya kuzibua. Mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya anajua tarehe za ubatizo, kipaimara na ndoa zinapatikana kwenye kitabu gani. Watu wa rika lake wanajua ujana wake, ambao watoto hawakuuona. Waulizwe mmoja mmoja, faragha. Barazani kwa waombolezaji mwenye sauti kubwa hutangulia kusema, wengine huitikia, na jioni kosa moja limeshakuwa ukweli wa msiba mzima.

Kisha aingie kihambani, mchana, pamoja na mtu aliyefanya kazi na marehemu. Humo ndimo kumbukumbu ilimokaa kwa wingi kuliko kwenye makabati.

Aanze na mibuni. Mibuni iliyopandwa kwa mistari ya futi 9 kwa futi 9 ni ya mtindo wa zamani uliofundishwa na mabwana shamba; kwa nafasi hiyo ekari moja tupu ingeingia mibuni 540 hivi. Ndani ya kihamba chenye migomba na miti ya kivuli haifiki idadi hiyo, kwa hiyo asikadirie kwa hesabu ya vitabu. Ahesabu mibuni yenyewe, au aulize ilikuwa mingapi ilipokuwa mingi kabisa na imebaki mingapi. Halafu ainame atazame shina. Mbuni uliotunzwa una kisiki kilichokatwa kwa mshazari, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, na juu yake yamelelewa mashina mawili au matatu tu, maotea mengine yakiondolewa. Mibuni hukatwa hivyo kila baada ya miaka kadhaa, uzao unapopanda nchani. Makovu ya visiki yanaonyesha mzee alifanya hivyo mara ngapi. Si kazi ndogo kuamua: ukikata unapoteza mavuno ya msimu mmoja au miwili, na mwenye ada ya shule ya kulipa Januari hushawishika kuahirisha. Ukiahirisha mno, mbuni unakwenda juu, unazaa nchani, mchumaji anavuta tawi hadi linavunjika, na dawa hazifiki. Mzee aliyekata kwa awamu, sehemu moja ya kihamba kila mwaka ili mapato yasikatike, alikuwa na mpango kichwani. Hilo liandikwe.

Iulizwe pia alipambanaje na chulebuni na kutu ya majani. Chulebuni hushambulia punje zikiwa bado mbichi, nazo huwa nyeusi, hukauka na kudondoka. Hupenda baridi na unyevu, kwa hiyo walio juu mlimani waliumia zaidi ya walio chini. Kwa aina za zamani kama N39 na KP423, kinga ilikuwa kupulizia mrututu au dawa nyingine ya shaba mara kwa mara wakati wa mvua, bomba likiwa mgongoni, kwenye mteremko, na duru moja iliyorukwa katikati ya masika iliweza kuharibu kazi ya zote zilizotangulia. Wako wazee waliopokea miche ya vikonyo (iliyooteshwa kwa vipande vya mbuni, si kwa mbegu) ya aina mpya zinazostahimili magonjwa hayo kutoka TaCRI pale Lyamungu, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza mwaka 2001 kwenye kituo cha utafiti kilichokuwapo tangu 1934. Mzee aliyepanda mche mpya akiwa na miaka sabini, akijua utazaa vizuri baada ya miaka mitatu, alikuwa anaifikiria familia yake. Na aliyeng'oa mibuni akaweka migomba au mboga asiandikwe kana kwamba alishindwa. Mwaka 1989 mgawo wa mauzo uliowekwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ya dunia ikaporomoka, na gharama za dawa zikabaki kwa mkulima. Wengi waling'oa baada ya kupiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Kwenye migomba aulize aina kwa majina: mshare wa mtori (supu ya ndizi), ndizi ng'ombe, kisukari. Shina lililotunzwa huwa na migomba mitatu, mama mwenye mkungu, mtoto anayefuata na mjukuu anayechipua. Likiachwa na sita au saba, mikungu inakuwa midogo. Samadi iliwekwa lini na nani aliibeba? Kihamba cha mlimani hakiishi bila ng'ombe wa zizini, na ng'ombe wa zizini haishi bila mtu wa kumletea majani kila siku.

Miti mikubwa nayo ina umri wa kuulizwa. Mfuruanje na mringaringa ziliachwa kwa ajili ya kivuli cha kahawa, mringaringa pia kwa mbao. Mgrevilea hupandwa mpakani na kupogolewa kwa kuni. Msesewe hutoa gamba la kutilia uchungu kwenye mbege, pombe ya ndizi. Mara nyingi mti ulipandwa kwa sababu ya jambo fulani, kama kuzaliwa mtoto au kuoa, na jirani hulikumbuka. Masale ya mpakani yaangaliwe kwa heshima. Ndiyo alama ya mpaka, ndiyo pia jani la kuombea radhi, na pengine yalipandwa siku ugomvi ulipomalizwa.

Maji ni sura nyingine, na historia nyingi huiruka kabisa. Mfongo hauji wenyewe. Banio la mtoni hufumwa kwa mawe, matawi na udongo, mvua kubwa hulisomba, na baada ya masika watu huitwa kulijenga upya na kuzoa tope mferejini kwa urefu wote. Asiyetokea hutozwa faini au hukosa zamu. Zamu zenyewe hupangwa kwa siku na saa. Maji ya usiku mara nyingi huelekezwa kwenye nduwa, bwawa dogo la kuhifadhia, yajae, yafunguliwe asubuhi. Mwenye zamu ya alfajiri huamka kufungua, hutembea kando ya mfongo kuangalia pasiwe na aliyetoboa, na hurudi nyumbani kukiwa kumekucha. Kwa hiyo iandikwe mfongo unaitwaje, unatoka mto gani, ukoo gani ulichimba, marehemu alikuwa na zamu ya siku zipi, na kama aliwahi kuwa mwenyekiti au mwangalizi. Uenyekiti wa mfongo ni cheo. Unahitaji mtu anayeaminiwa na wa juu na wa chini kwa pamoja, na kiangazi cha Septemba humpima haswa.

Karatasi sasa. Familia nyingi zina bahasha, sanduku la bati au mfuko wenye stakabadhi za kahawa, kitabu cha mwanachama, kadi ya ubatizo, risiti za ada na barua. Zisitupwe na zisigawanywe kabla ya kupigwa picha. Stakabadhi husoma uzito, daraja na msimu. Mkulima hakulipwa mara moja: kulikuwa na malipo ya awali alipopeleka kahawa, malipo ya pili, na mwisho majaliwa kahawa ilipokwisha kuuzwa. Mwandishi akichukua malipo ya awali akadhani ndiyo mapato yote ya mwaka, amempunja marehemu. Msimu nao huandikwa kwa miaka miwili, mfano 1976/77, kwa sababu uchumaji hapa huanza katikati ya mwaka na fedha ya mwisho huja mwaka unaofuata. Ndiyo maana mtoto mmoja husema nyumba iliezekwa 1976 na mwingine 1977, na wote wana haki.

Kuna pengo moja linalowachanganya wengi. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, iliundwa 1933 kuchukua nafasi ya KNPA, chama cha wakulima cha 1925, na mzee aliyezaliwa miaka ya 1930 huenda alirithi uanachama wa baba yake katika chama cha msingi. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika, kahawa ikawa inapitia vijijini kwenda Mamlaka ya Kahawa, hadi vyama viliporudishwa 1984. Stakabadhi za miaka hiyo hazina jina la chama. Asije mtu akaandika kwamba mzee "alijitoa kwenye ushirika mwaka 1976 na kurejea 1984". Hakwenda popote. Na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, kwa hiyo stakabadhi zenye majina tofauti ndani ya mwaka mmoja si jambo la kushangaza.

Nikija kwenye tarehe, hapo ndipo makosa hujaa. Tarehe ya kuzaliwa ya wazee wengi kwenye kadi ya mpiga kura ni 1 Januari au 1 Julai ya mwaka uliokisiwa. Kitabu cha ubatizo parokiani au usharikani ni bora zaidi, lakini kiangaliwe vizuri: aliyebatizwa mtoto mchanga tarehe yake huaminika, aliyebatizwa mkubwa umri wake ulikadiriwa tu. Umri uliopatikana ulinganishwe na ndugu zake. Ikiwa mdogo wake ametokea kuzaliwa miezi mitano baada yake, mmoja wao ana mwaka usio wake.

Kwa matukio mengine dawa ni kuuliza kwa kutumia alama ambazo kila mzee anazo. Mangi Mkuu Marealle, mtawala wa Wachagga wote, alisimikwa 1952. Mwenge uliwekwa kileleni Kibo usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Utawala wa mamangi ulikoma 1963. Azimio la Arusha ni Februari 1967, hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, vita ya Kagera ni 1978 hadi 1979, Mwalimu aling'atuka 1985, na mvua za El Niño zilipiga 1997 hadi 1998. Bibi akiulizwa "mlioana mwaka gani?" anaweza kunyamaza. Akiulizwa "mwenge ulipopandishwa mlikuwa mmeshaoana, na mlikuwa na mtoto?" anajibu papo hapo. Alama moja si ya kutegemea: unga wa Yanga. Mahindi ya njano ya msaada yaliletwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo anayesema "wakati wa unga wa Yanga" apewe swali la pili. Alama nyingine ina faida ya pekee kwa wakulima: baridi kali ya Julai 1975 iliua mibuni Brazil na bei ya dunia ikapanda sana 1976 na 1977. Familia ikisema iliezeka bati au ilinunua mashine ya kumenyea kahawa miaka hiyo, iulizwe kama ni fedha ya msimu huo.

Kazi ya nyumbani baada ya kuchuma inafaa ielezwe angalau kwa sentensi mbili, maana vijana waliopo msibani hawajaiona. Mbivu zilichumwa moja moja, nyekundu tu, zikamenywa siku ileile kwa mashine ya mkono, zikalazwa kwenye chombo siku moja hadi tatu kutegemea baridi mpaka ute ukaachia, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye vichanja wiki moja na nusu hadi mbili huku zikigeuzwa, na kufunikwa mvua ilipotisha na usiku. Zikilala bila kumenywa zinachacha vibaya na ladha ya kahawa inaharibika. Zikifungwa kwenye gunia hazijakauka zinaota ukungu. Kilo 5 za mbivu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa iliyokauka na ganda lake jepesi. Gunia la kilo 50 ni kilo 250 zilizopita kwenye vidole. Msikilizaji akiambiwa mzee alipeleka magunia sita chamani katika mwaka wake bora, aambiwe na hesabu hiyo, ataelewa.

Nani alichuma? Hapa naomba mwandishi awe mkweli. Kitabu cha mwanachama kilikuwa na jina la mume. Vidole vilivyochuma vilikuwa vya mke na watoto, na mara nyingi aliyeshuka tambarare akarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, aliyeuza ndizi Mwika au Kiboriloni ili chumvi na sabuni zipatikane kabla ya majaliwa, ni mama. Shamba la chini la mahindi na maharage, lililolimwa mvua za Machi zikikaribia na kuvunwa Julai au Agosti, liliwachukua wote. Historia ya baba isiyotaja kazi ya mama ina nusu ya kweli. Kumtaja hakumpunguzii marehemu kitu, na mjane aliyekaa mstari wa mbele anastahili kusikia miaka yake ikihesabiwa akiwa hai.

Yapo ya kuacha. Historia ya marehemu isitamke nani amepewa sehemu gani ya kihamba, hata kama kila mtu anajua kwamba kwa desturi kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba na mwana wa kwanza hupewa mahali pake. Maandishi yaliyosomwa mbele ya watu mia tano hurudi baadaye kwenye kikao cha ukoo au baraza la ardhi la kata kama ushahidi. Orodha ya watoto ipitishwe na wazee wa ukoo kabla ya kuchapwa, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa. Kumwacha mtoto na kumtaja ghafla vyote huleta vurugu kaburini. Ugonjwa usemwe kwa kiasi ambacho mjane ameridhia. Ugomvi wa mpaka usitajwe, lakini upatanisho unaweza kutajwa ikiwa upande wa pili umekubali.

Urefu. Msomaji aliyetulia husoma maneno 100 au zaidi kidogo kwa dakika, na ratiba nyingi hutoa dakika tano hadi saba. Basi ni maneno 500 hadi 700, yaani kurasa mbili za herufi kubwa, 14 au zaidi, nafasi pana kati ya mistari. Shule na sakramenti zipewe sentensi nne au tano. Kazi ipewe nusu ya ukurasa. Kwa mfano, badala ya "alikuwa mkulima hodari", familia yenye maelezo ingeandika hivi:

"Baba alipokea kihamba kikiwa na mibuni michache iliyozeeka na mfongo uliokuwa umekauka. Alipanda mibuni 300, akaikata kwa awamu mara tatu katika maisha yake ili isizeeke yote kwa pamoja. Kwa miaka mingi alikuwa mwangalizi wa mfongo, na zamu yake ya alfajiri hakumwachia mtoto. Bei ilipoanguka hakung'oa sehemu ya juu. Sehemu ya chini aliweka mshare, na mama aliuza mikungu hiyo sokoni. Kahawa na ndizi hizo zililipa ada ya watoto saba. Mgrevilea wa mpaka wa mashariki aliupanda mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza, na ndio uliotoa mbao za milango ya nyumba hii."

Hakuna sifa hata moja mle ndani, na kila mtu anajua mzee alikuwa mtu wa namna gani.

Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mjane na mzee mmoja wa rika lake, jioni ya kabla ya mazishi, si asubuhi. Wao ndio wanaosikia kosa la jina la mto au la shangazi. Msomaji aandikiwe majina magumu ya Kichagga na namba kwa maneno, "elfu moja mia tisa sitini na moja", asije akakwama akiwa na machozi. Yaliyobaki, ambayo hayakuenea kwenye kurasa mbili, yasitupwe: yaandikwe kwa utulivu kabla ya kuanua matanga, wakati wageni wa mbali bado wapo, yakiambatana na picha za stakabadhi na kitabu cha mwanachama. Nakala moja ikae kwa mjane, moja kwa msimamizi wa mirathi, moja kwa mzee wa ukoo anayetunza nasaba, na kila mtoto atumiwe yake kwenye simu akiwa bado nyumbani.